Nairobi hadi New York: uruke moja kwa moja, au upitie Ulaya, Ghuba au Addis Ababa?

Mama aliponipigia simu kuniambia viza ya Marekani imetoka, swali lake la kwanza lilikuwa kama ataruhusiwa kubeba achari ya maembe. La pili: "Sasa mwanangu, huko New York ni mbali kiasi gani?" Nikamjibu kwamba kutoka Nairobi ni kilomita 11,840 hivi. Akanyamaza. Namba kama hiyo haimwambii kitu mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote imekuwa Mombasa hadi Nairobi. Nikaligeuza jibu: "Mama, chukua njia ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 480, uirudie karibu mara ishirini na tano." Hapo akaelewa. "Salaala!" akasema, kisha akauliza nani atakayekaa naye njiani.

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikae wiki mbili nikilinganisha njia moja baada ya nyingine. Najua si mimi peke yangu. Wengi tuna mzazi huku, ndugu Jersey City au Bronx, mjukuu aliyezaliwa juzi, na ajenti anayekutumia njia nne za ndege kwenye simu bila kukueleza tofauti yake. Kwa hiyo naandika nilichokipata, pamoja na uamuzi wangu.

Tuanze na umbali wenyewe, maana unachanganya. Hizo kilomita 11,840 ni za mstari ulionyooka juu ya tufe la dunia. Ukichora mstari huo kwenye ramani ya ukutani utadhani ndege inapita Nigeria, Mali na Mauritania. Chukua tufe, vuta uzi kutoka Nairobi hadi New York, utaona unapanda kaskazini zaidi: Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Moroko, kisha Atlantiki. Rubani naye hafuati uzi. Anakwepa mawingu ya dhoruba, anatafuta upepo mzuri, na anakwepa anga zilizofungwa kama ya Sudan, iliyofungwa vita vilipozuka Aprili 2023. Kwa hiyo kilomita halisi huzidi kidogo. Hizi hapa njia zinazouzwa sana, kwa safari ya kwenda. Saa nilizoweka ni za ndani ya ndege tu, na ni za kukadiria:

| Njia | Kilomita | Saa ndani ya ndege |
|---|---|---|
| Moja kwa moja | 11,840 | 15 |
| Kupitia London | 12,380 | 9 + 8 |
| Kupitia Amsterdam | 12,520 | 8 na nusu + 8 |
| Kupitia Istanbul | 12,850 | 7 + 11 |
| Kupitia Doha | 14,120 | 5 + 14 |
| Kupitia Dubai | 14,570 | 5 + 14 |

Angalia safu ya kilomita. Kupitia London au Amsterdam hakukuongezei hata kilomita 700, kwa kuwa Ulaya iko karibu na njia yenyewe. Doha na Dubai ni habari nyingine. Unaanza kwa kwenda kaskazini mashariki, unaipa New York kisogo kwa saa tano nzima, halafu ndiyo unageuka. Dubai inakuongezea zaidi ya kilomita 2,700, ambazo ni kama Mombasa hadi Nairobi na kurudi, mara tatu karibu.

Sasa ndege ya moja kwa moja. Kenya Airways waliianza tarehe 28 Oktoba 2018, kwa Boeing 787-8 yenye viti 234. Kabla ya hapo ilibidi Kenya ipewe kwanza daraja la kwanza la usalama wa anga na mamlaka ya Marekani, jambo lililotimia Februari 2017. Ndege huondoka Nairobi karibu na saa sita usiku na kutua New York asubuhi. Abiria anakula, analala, anaamka, anakula tena, na bado ana saa kadhaa mbele. Kwenda ni saa 15, kurudi ni 14 hivi. Umbali ni ule ule, bali huko juu kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ya kaskazini huzidi nguvu. Ukienda New York unapambana nao, ukirudi unakusukuma.

Jambo moja kuhusu ndege yenyewe lilinifurahisha, kwa sababu Mama ana presha na nilikuwa nikihofia hewa ya ndani. Ndege nyingi za zamani hubana hewa ndani kufikia kiwango cha mtu aliye kwenye mlima wa mita 2,400. Bodi la 787 limejengwa kwa nyuzi za kaboni na linastahimili mbano zaidi, kwa hiyo ndani huwa kama uko mita 1,800. Huo ndio urefu wa jiji la Nairobi. Mtu aliyewahi kulala Nairobi bila kichwa kumuuma amekwisha kuijaribu hewa hiyo. Hata hivyo daktari wake tulimwuliza, na akatupa masharti: dawa zote kwenye begi la mkononi, maji mara kwa mara, soksi za kubana miguu, na ainuke atembee kila baada ya saa moja au mbili. Kiti cha kandokando ya njia, si cha dirishani, ili asimwombe mtu ruhusa kila anapotaka kuinuka.

Wapo wanaosema kituo cha katikati ni afadhali, mtu ananyoosha miguu. Kwa kijana nakubali. Kwa mzee anayesafiri mara ya kwanza, kituo cha katikati ni kazi ya pili. Ni kusoma ubao wa maandishi yanayobadilika, kuvua viatu na mkanda upya mbele ya mashine, kutafuta lango ambalo pengine liko mwendo wa nusu saa, na kusikiliza matangazo ya Kiingereza cha haraka. Mimi mwenyewe, mwenye miguu mizima, iliwahi kunishinda. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nakwenda kwenye harusi ya dada yangu, na nilikuwa na dakika tisini za kubadilisha ndege. Ndege ya kwanza ikachelewa saa moja na zaidi. Nilikimbia viatu mkononi, pumzi juu, na mlango wa ndege ukafungwa nyuma yangu. Mimi nilifika. Begi langu halikufika. Ndani yake mlikuwa na doti kumi na mbili za kanga tulizoshonesha sare, na zilikuja siku ya tatu, wageni wamekwisha tawanyika. Nikimfikiria Mama kwenye mbio zile, sihitaji hoja nyingine.

Kama ni lazima upite kituo, basi mambo mawili. Kwanza, muda wa kubadilisha ndege usipungue saa tatu kwa mzee. Ajenti atakuonyesha dakika 75 na kukuambia "inatosha," kwa sababu kompyuta imeikubali. Pili, safari nzima iwe kwenye tiketi moja. Ukinunua Nairobi hadi Doha kwa shirika moja, na Doha hadi New York kwa jingine, kila moja kivyake, ndege ya kwanza ikichelewa ile ya pili haikungojei wala haina jukumu nawe. Utanunua tiketi mpya papo hapo kwa bei ya siku hiyo. Kwenye tiketi moja, shirika ndilo lenye jukumu la kukutafutia ndege nyingine. Na omba kiti cha magurudumu wakati wa kununua, angalau siku mbili kabla ya safari. Huduma hii hailipiwi, na anayekisukuma huwa ndiye mwenye kujua njia, lango na foleni ya uhamiaji. Mama mwanzoni alikataa: "Mimi si mgonjwa." Nikamwambia kiti ni cha yule kijana anayekisukuma, yeye amfuate tu. Akacheka, akakubali.

Njia ya Ulaya ina suala la viza ya kupitia, nalo huwakuta watu wakiwa tayari wamelipa. Uingereza huwataka wenye pasi za nchi zetu nyingi wawe na viza hata ya kupita tu uwanjani, ingawa mwenye viza halali ya Marekani kwa kawaida husamehewa. Kwa nchi za Schengen, kama Uholanzi na Ufaransa, Mkenya au Mtanzania anayebaki ndani ya uwanja kwa kawaida hahitaji viza ya kupitia, lakini Mkongo anahitaji, isipokuwa awe na viza ya Marekani au nyingine inayomsamehe. Anayerudi nyumbani viza yake ya Marekani ikiwa imekwisha muda ndiye anayenaswa zaidi. Ulizia ubalozi wa nchi ya katikati kwa pasi yako wewe, usitegemee alivyopita jirani.

Ghuba ina sifa zake na sitaki kuzificha. Ndege ni nyingi, bei mara nyingi huwa chini, chakula ni halali bila kuuliza, na pana mahali pa kuswali. Kwa wengi wetu wa pwani lina uzito hilo, na Dubai au Muscat huwa na shangazi au binamu wa kwenda kusalimia. Ukitaka kukaa Dubai siku mbili tatu ukapumzika kwa jamaa, njia hii inakuwa safari mbili fupi badala ya adhabu moja ndefu. Lakini bila kupumzika, ile sehemu ya pili peke yake ni saa 14, karibu sawa na safari nzima ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Yaani unaruka saa tano ili ufike mahali ambapo safari uliyoikimbia inaanza. Kwa Mama niliifuta hapo hapo.

Addis Ababa nimeiacha nje ya jedwali kwa sababu inahitaji maelezo. Ethiopian Airlines wanatua Mombasa pia, na kwa mtu wa pwani hiyo ni nafuu kubwa: unamaliza taratibu zako Mombasa na hupiti Nairobi kabisa. Shida ni kupaa kutoka Addis. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Ndege iliyojaa watu na mafuta ya kuvuka Atlantiki hulemewa kuruka. Ndiyo maana safari zao za kwenda Marekani zimekuwa zikisimama njiani, Dublin au Lomé, kujaza mafuta. Hushuki na mizigo yako, ila saa zinaongezeka. Wakati wa kurudi ndege inapaa kutoka usawa wa bahari, tangi limejaa, na baadhi ya safari hufika Addis bila kusimama. Nairobi nayo iko juu, mita 1,624 uwanjani, ila si kama Addis, na kuondoka usiku hewa ikiwa imepoa kunaisaidia ndege kunyanyuka.

Hapa nataka niseme lililonichukua muda kulitambua. Ndege ya moja kwa moja inashinda pale tu ambapo New York ndiyo mwisho wa safari. Kaka yangu yuko Jersey City, ng'ambo ya mto tu, kwa hiyo kwetu hesabu ni rahisi. Lakini mtu wa Minneapolis? Nairobi hadi New York, kisha New York hadi Minneapolis, ni kilomita 13,500 karibu. Nairobi hadi Amsterdam, kisha Amsterdam hadi Minneapolis, ni 13,400. Ni njia mbili zilizo sawa, zote zina kituo kimoja. Tofauti ni kituo hicho kiko wapi. Ukibadilishia New York, sheria ya Marekani inakutaka uchukue mabegi yako yote kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia, uyapitishe forodhani, kisha uyakabidhi tena kwa ndege ya ndani. Haijalishi lebo imeandikwa Minneapolis. Ukibadilishia Amsterdam, mabegi yanahamishwa yenyewe, na uhamiaji unaukuta Minneapolis, mwanao akiwa nje ya mlango. Kwa mzee ningechagua Amsterdam bila kusita. Wa Dallas aangalie Doha au Dubai, ambako ndege huruka moja kwa moja hadi Dallas, ingawa sehemu hiyo hufika saa 16. Wa Washington aitazame Addis.

Na anayetokea Dar es Salaam asidanganyike na neno "moja kwa moja" kwenye tangazo la Nairobi. Yeye tayari ana kituo. Ndege ya Dar hadi Nairobi ni saa moja na dakika kadhaa, na ukiongeza kusubiri, faida ya saa 15 inapungua. Bado ni njia nzuri kwa New York, ila ailinganishe kwa haki na nyingine zenye kituo kimoja.

Kuhusu mizigo, njia zote za Marekani zimezoea kuruhusu mabegi mawili ya kilo 23, lakini siku hizi tiketi ya bei ya chini kabisa inaweza kukupa moja tu. Soma mstari huo kabla ya kufurahia bei. Unga na bizari ziende kwenye begi kubwa: ndege za kuingia Marekani zina kikomo cha mililita 350 za poda kwenye begi la mkononi, zaidi ya hapo unaweza kunyang'anywa. Nyama ya aina yoyote iache, hata iliyokaushwa, na matunda mabichi vile vile. Achari ya Mama imefungwa vizuri kwenye chupa ya plastiki, ikavikwa mifuko mitatu na taulo, na forodhani tutasema tumebeba chakula. Ukisema unacho na hakiruhusiwi, kitatupwa. Ukificha ndipo faini inapokuja.

Kisha kuna saa. Tafadhali hapa soma taratibu. Tiketi hutumia saa za kizungu, sisi kichwani tuna zetu. Tiketi ikisema kutua 06:30, si saa sita unusu, ni saa kumi na mbili unusu asubuhi, na wa kupokea atoke nyumbani alfajiri. Kubwa zaidi ni ndege za usiku wa manane. Tiketi ikiandikwa 00:35 tarehe 14, unapaswa kuwa uwanjani jioni ya tarehe 13. Kwetu usiku wa Ijumaa unaanza jua la Alhamisi likizama, kwa hiyo tungetegemewa kulielewa hili kuliko wengine, na bado watu wanafika siku ya pili na mabegi yao. Nimemwandikia Mama kwenye karatasi kubwa na kuibandika kwenye friji: "Unatoka nyumbani JUMATANO asubuhi kwa treni." Ndege yake ni karibu na saa sita ya usiku huo.

Tofauti ya saa kati ya Nairobi na New York ni saa nane wakati wa baridi ya huko, na saba kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa sababu wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Ndiyo maana unaondoka usiku wa manane, unaruka saa 15, na unatua bado asubuhi. Mwili unadhani ni alasiri. Nimemwomba kaka asimwache alale mchana huo mpaka jua lizame, amtembeze, ampe mtoto ampakate.

Nilichonunua, basi, ni ile ya moja kwa moja. Ilizidi ya Ghuba kwa bei, na nikaomba ndugu tuchangiane tofauti. Kurudi ndiko kulikonithibitishia. Ndege inaondoka New York mchana na kutua Nairobi asubuhi ya siku ya pili, kabla ya adhuhuri. Kutoka uwanjani hadi stesheni ya treni ya Syokimau si mbali. Akitoka na mabegi yake mapema, anakunywa chai, anapanda treni ya alasiri, na usiku huo huo atakuwa Mombasa, kitandani kwake, akinipigia kunieleza mtoto anafanana na nani.